Je, Wajua? Damu, Jeli na Protini Zinazong'aa

Je, wajua kwamba Sirisia, katika Kaunti ya Bungoma, iko kwenye ukanda ambako mbu ametia mkono katika urithi wa damu? Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu nchini. Alikuta chembe zenye umbo la mundu ni nyingi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, lakini adimu nyanda za juu. Mwaka 1954 akaonyesha sababu: anayerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kwa wote wawili ndiye anayeugua selimundu.

Mwaka huohuo wa 1949, Linus Pauling na wenzake huko California walipitisha umeme kwenye hemoglobini, protini ya damu, wakaona ile ya wagonjwa wa selimundu ina mwendo wake. Kisa? Asidi amino moja tu iliyobadilika kati ya 146 za mnyororo wa beta, ile ya sita. Chaji hasi hupungua, na hemoglobini hiyo huchelewa kufika upande wa chanya. Ndiyo maana leo kwenye jeli iliyopitishwa umeme mtu wa AA (asiye na jeni hiyo) huonyesha mstari mkuu mmoja, wa SS (aliyeirithi kwa wazazi wote wawili) mmoja ulio nyuma yake, na wa AS (aliyeirithi kwa mmoja) yote miwili.

Hemoglobini ina bahati, ni nyekundu. Protini nyingi hazina rangi kabisa, na jeli ikitolewa huoni kitu. Dawa ya buluu inayotumika sana, Coomassie, ilikuwa rangi ya sufu iliyopewa jina la Kumasi, mji wa Waashanti ambao Waingereza waliuvamia. Ubeberu mpaka maabarani!

Ila buluu hiyo hupaka kila protini, na bakteria mmoja ana maelfu. Ukitaka ile yako tu, unaipa mkia wa asidi amino sita za histidini inapotengenezwa ndani ya bakteria. Histidini hushikana na nikeli. Basi jeli hulowekwa kwenye rangi iliyofungwa na nikeli, husuuzwa, kisha huwekwa juu ya taa ya urujuanimno: mstari mmoja unang'aa, mingine imezimika. Ukipenda, mimina Coomassie baadaye uwaone na majirani zake.

Sabuni inayozinyoosha protini ili zipangwe kwa ukubwa kwenye jeli, SDS, imo pia kwenye dawa nyingi za meno.

Tukirudi kwenye malaria, chanjo yake ya RTS,S, iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2019, Bungoma ikiwa miongoni mwa kaunti nane, ina kipande cha protini ya kimelea kilichounganishwa na protini ya virusi vya homa ya ini B. Kiwanda chake ni hamira.

Na akrilamaidi, inayogandishwa kuwa jeli hizi, hudhuru neva ikiwa bado mbichi, kwa hiyo fundi huvaa glavu. Mwaka 2002 watafiti wa Uswidi walitangaza kwamba hujitengeneza yenyewe kwenye viazi vikikaangwa. Chipsi, yaani.