Sura ya 4: Nani Anaweza Kusimamisha Kazi?

Msimu wa mahindi ukishika kasi Songea, malori hupanga foleni kwenye maghala tangu alfajiri. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) una kanda yake hapa. Ndani ya ghala la mahindi, liwe la serikali au la mfanyabiashara, hatari ziko tele: mzigo begani, vumbi, staki za magunia zinazokaribia paa, lori linalorudi nyuma katikati ya watu, na dawa ya kufukizia wadudu.

Tuitazame hiyo dawa. Staki hufunikwa turubai la plastiki, pindo zake zikakandamizwa sakafuni kwa mifuko mirefu ya mchanga, na ndani huwekwa vidonge vya fosfaidi ya alumini. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, inayoua dumuzi na fukusi, na mtu pia. Pengine utasikia harufu ya kitunguu saumu au ya samaki aliyeoza, lakini pua si ya kuaminika. Kinachoaminika ni kipimo cha gesi. Tena, kwenye baridi gesi hutoka polepole, na Songea ya Julai ina baridi yake. Siku zinazotosha Dar es Salaam huenda zisitoshe hapa.

Sasa lori la kusafirisha mahindi limefika, dereva anapiga honi, bosi anapiga simu, na muda wa kufunua turubai haujatimia. Mtunza ghala anajua hivyo. Je, anaweza kusema "bado", na kesho akawa na kazi yake?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), imemtwika mwajiri mzigo wa usalama. Ndiye anayepaswa kusajili eneo la kazi, kutathmini hatari, kutoa vifaa kinga na kuwa na wawakilishi wa usalama na afya. Lakini sheria haisimami mlangoni pa ghala saa kumi jioni. Anayesimama pale ni msimamizi.

Kazi ya msimamizi ina sehemu mbili. Udhibiti ni utaratibu usiotegemea hisia za mtu: kibali cha maandishi kabla ya turubai kufunuliwa, kipimo cha gesi kinachofanya kazi, ufunguo unaokaa kwa mtu mmoja anayejulikana. Uongozi ni kuuheshimu utaratibu huo siku unapoleta hasara. Meneja akiuruka mara moja tu kwa sababu ya haraka, wote wamejua kwamba kibali ni karatasi.

Malipo nayo ni udhibiti. Kuli anayelipwa kwa gunia akisimama hapati kitu. Unaweza kuandika "Usalama Kwanza" ukutani kwa herufi kubwa, lakini yeye anasoma daftari la malipo. Mwajiri makini humlipa pia saa za kusubiri.

Utaratibu peke yake hautoshi. Mwaka 1988 mtambo wa mafuta wa Piper Alpha, katika Bahari ya Kaskazini, uliteketea na watu 167 wakafa. Pampu moja ilikuwa imeondolewa vali yake ya usalama kwa matengenezo, na zamu ya usiku ikaiwasha bila kujua. Mitambo jirani iliendelea kusukuma mafuta na gesi kuelekea kwenye moto, kwa kuwa wakuu wake walisita kuzima bila ruhusa kutoka juu. Kibali kilikuwapo, ila taarifa yake haikuwafikia waliohitaji, na waliouona moto hawakujihesabu kuwa na mamlaka ya kusimamisha.

Kwa hiyo, meneja, kabla ya msimu kufunguliwa, andika majina ya wenye haki ya kusimamisha kazi. Yasome mbele ya makuli, madereva na mawakala wao. Wa kwanza atakayeitumia haki hiyo mtetee, hata ikigundulika kuwa hofu yake haikuwa na msingi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipa mtu akishaumia. Wewe ndiye mwenye uwezo wa kutenda kabla.