Unashindwaje mechi bila kugusa mpira?

Chukulia wewe ndiwe Josh Allen. Ni usiku wa Januari 23, 2022, uko Kansas City, na timu yako ya Buffalo Bills inamenyana na Kansas City Chiefs kwenye mchujo wa NFL, ligi kuu ya kandanda ya Marekani. Atakayeshindwa anarudi nyumbani, msimu umeisha. Umerusha pasi nne za tachidauni, zote kwa jamaa mmoja, Gabriel Davis. Dakika mbili za mwisho pekee zimeleta pointi 25. Zikibaki sekunde 13 mnaongoza 36-33 na mashabiki wenu washaanza kukumbatiana.

Sekunde 13, buda. Patrick Mahomes anarusha pasi mbili za haraka, mpiga mateke wao Harrison Butker anaupeleka mpira yadi 49 katikati ya milingoti, na ghafla ni sare ya 36-36.

Muda wa ziada. Mnaitwa katikati ya uwanja, unaulizwa kichwa au mkia. Unasema mkia. Sarafu inaanguka kichwa.

Usiku wako umeishia hapo. Mahomes anapewa mpira, anausogeza yadi 75, anamtafuta Travis Kelce, tachidauni, 42-36. Mechi imekwisha. Wewe umesimama kando ya uwanja, helmeti mkononi, na tangu sarafu irushwe hujagusa mpira hata mara moja.

Huku kwetu kulikuwa kunapambazuka Jumatatu. Nilikuwa kwa sebule ya jamaa yangu, bando inakaribia kuisha, na tulibishana mpaka jirani akagonga ukuta. Yeye alisema hakuna kilichoharibika: Bills wana walinzi, si wangezuia? Mimi nikasema huo ni wizi ulioandikwa kwenye kitabu. Miaka imepita na bado sijabadilisha msimamo, ingawa nimegundua swali lenyewe ni gumu kuliko nilivyodhani asubuhi ile.

Kama hujawahi kufuatilia mchezo huu, shika jambo moja tu. Timu moja ina vikosi viwili, cha kushambulia na cha kulinda, na haviingii uwanjani pamoja. Kwenye soka, hata ukianza bila mpira unaweza kumpokonya mwenzako baada ya sekunde tano. Hapa kwotabeki kama Allen, mtu ambaye timu nzima imejengwa kumzunguka, hana la kufanya wenzake wakilinda. Anakaa benchi anaomba Mungu.

Sheria ilikuwa inasema hivi: anayepata mpira kwanza kwenye muda wa ziada akifunga tachidauni, yenye pointi sita, mechi imeisha papo hapo. Akifunga teke la pointi tatu tu, mwenzake anapewa nafasi ya kujibu. Na hiyo ilikuwa ni nafuu! Zamani hata teke la kwanza lilimaliza kazi. Januari 2010 Minnesota Vikings walitolewa hivyo na New Orleans Saints, 31-28, wakiwa mlango mmoja tu kutoka Super Bowl. Kelele zikapigwa, na mwaka huo huo sheria ya mchujo ikalegezwa. Mechi za kawaida zilifuata mwaka 2012.

Sasa tumsikilize jamaa yangu vizuri, kwa sababu si mjinga. Hoja yake ni kwamba ulinzi ni nusu ya mchezo, na walinzi wanalipwa mamilioni. Na wiki moja tu baada ya usiku ule mchezo wenyewe ukamtetea. Chiefs walicheza na Cincinnati Bengals, wakafika muda wa ziada, wakashinda sarafu tena. Mahomes akarusha pasi ikadakwa na Bengals, nao wakaondoka na ushindi wa 27-24. Jamaa alinipigia simu akicheka. "Umeona? Ulinzi!"

Nimeona. Lakini hesabu nazo nimeziona. Kuanzia 2010 hadi usiku huo wa Bengals, mechi 12 za mchujo zilifika muda wa ziada chini ya sheria ile. Walioshinda sarafu walishinda mechi 10. Katika saba kati ya hizo, mwenzao hakushika mpira kabisa. Mmoja wa hao saba ni Atlanta Falcons, waliokuwa mbele 28-3 kwenye Super Bowl ya Februari 2017. Ni kweli walijichimbia kaburi wenyewe kwa kuachilia uongozi ule, siwatetei. Ila kwotabeki wao Matt Ryan, aliyekuwa ametajwa mchezaji bora wa ligi msimu huo, alimaliza usiku akitazama New England Patriots wakitembea na mpira hadi mwisho.

Mechi 12 ni chache, najua. Mtu wa takwimu atakwambia sampuli ndogo inadanganya. Kwangu mimi, hata kama wangegawana sita kwa sita bado ningelalamika, maana tatizo langu si nani anashinda mara nyingi. Tatizo ni kuulizwa "mbona hukuzuia?" na mtu ambaye yeye hakuwahi kuhitaji kuzuia. Mahomes naye hakuwalinda Bills usiku ule, wala kikosi chake cha ulinzi hakikupimwa hata dakika moja ya muda wa ziada. Ni kama kuitwa kwa mahojiano ya kazi mkiwa wawili, wa kwanza anaingia, anatoka na barua ya ajira, halafu wewe uliyebaki kwenye kiti unaambiwa ungejitahidi zaidi.

Hapa stori inakuwa tamu. Unajua nani alikuwa ameomba sheria hii ibadilishwe? Chiefs wenyewe. Januari 2019 walikuwa upande wa kulia machozi: Patriots walishinda sarafu, Tom Brady akasogeza yadi 75, 37-31, na Mahomes hakugusa mpira. Chiefs wakapeleka pendekezo kwa ligi kwamba kila timu ihakikishiwe nafasi. Halikupita. Miaka mitatu baadaye sheria ile ile waliyoipinga ikawavusha mbele ya Bills. Baada ya hapo ndipo wamiliki wa timu wakapiga kura, Machi 2022, 29 kwa 3: kwenye mchujo kila upande utapata mpira angalau mara moja.

Mechi ya kwanza ya mchujo kuamuliwa kwa sheria mpya ilikuwa Super Bowl ya Februari 2024, Las Vegas. Hapa kwetu ilianza saa nane na nusu usiku na ikaisha karibu saa moja asubuhi, watu wakiwa kwenye matatu. Ilikuwa San Francisco 49ers dhidi ya, kisia, Chiefs. Safari hii 49ers walishinda sarafu. Wakasema wanataka mpira kwanza. Wakapata teke la pointi tatu. Chiefs wakaingia wakijua hasa wanachohitaji, wakafika mahali wamebaki na jaribio moja na yadi moja, na kwa kuwa walikuwa nyuma hawakuwa na sababu ya kuogopa: Mahomes akakimbia nao mwenyewe. Muda mfupi baadaye Mecole Hardman akadaka tachidauni, 25-22. Baadhi ya wachezaji wa 49ers walikiri baadaye kwamba hawakujua sheria ilikuwa imebadilika. Fainali ya dunia, na mtu hajasoma sheria!

Kwa hivyo je, haki imepatikana? Ukiniuliza, ndiyo kwa kiasi. Wote waligusa mpira. Lakini sarafu haijafukuzwa, imehamishwa tu. Anayecheza wa pili anajua deni lake ni kiasi gani, na hiyo ni silaha. Anayecheza wa kwanza anajipa moyo kwamba wakifungana sawa, yeye ndiye atakayeupata mpira wa tatu, na hapo yeyote atakayefunga ameshinda. Hiyo ndiyo hesabu kocha wa 49ers, Kyle Shanahan, alisema walikuwa wanapiga.

Vyuo vikuu vya Marekani vina njia yao. Kila timu inaanzia yadi 25 za mpinzani, zamu kwa zamu, karibu kama penalti za soka. Sawa kabisa, ila angalia inavyofika: Oktoba 2021 Illinois na Penn State walienda mara tisa kabla Illinois kushinda 20-18, na kuanzia raundi ya tatu walikuwa wanapewa jaribio moja moja tu la pointi mbili. Kufikia hapo huo si mchezo ule ule tena. Usawa unaweza kuununua ghali.

Kuna sheria nyingine inayoniuma zaidi na haizungumzwi sana. Ukibeba mpira ukielekea kufunga, ukakuponyoka uwanjani, ukatoka nje pembeni, kwa kawaida mnaendelea nao. Ukiponyoka hatua moja kabla ya mstari, ukaingia eneo la kufungia na kutokea nje huko, unapewa mpinzani, na anaanzia yadi yake ya 20. Hakuuokota, hakuugusa baada ya kuponyoka. Rashard Higgins wa Cleveland Browns aligongwa kichwani hivyo Januari 2021, refa hakuona kosa, na Browns wakatoka 22-17. Mpinzani? Chiefs, ndio. Sianzi vita na mashabiki wao, ni historia tu.

Lakini si kila kinachokera ni dhuluma. Philadelphia Eagles wana ule mchezo wao wa kumsukuma Jalen Hurts kutoka nyuma ili apate yadi moja, na walifungia tachidauni yao ya kwanza hivyo walipoizima Chiefs 40-22 kwenye Super Bowl ya 2025. Green Bay Packers wakapeleka hoja upigwe marufuku. Kura zilikuwa 22 kwa 10, na zinahitajika 24, basi ukanusurika. Hapo mimi niko na Eagles. Kila timu inaruhusiwa kusukuma. Wao wanasukuma vizuri zaidi. Bills waliposhindwa 2022 hakukuwa na zoezi lolote la mazoezini ambalo lingeifanya sarafu ianguke mkia.

Mwaka 2025 ligi ilipeleka kanuni ya kila timu kupata mpira hadi mechi za kawaida pia, kwenye muda wa ziada wa dakika 10. Nilimtumia jamaa yangu habari hiyo bila kuongeza neno. Akajibu kwa sauti ya usingizi kwamba yeye bado angeshinda sarafu angeuchukua mpira, mapema, amalize mambo. Mimi ningewaambia waanze wao. Wewe je?