Duka la Mtandaoni na Mnunuzi Asiyekijua Chama



Chama kinapofungua duka katika intaneti, wengi hudhani kwamba kazi imekwisha. Sivyo. Mnunuzi aliye mbali halijui jina la chama. Yeye huandika tu "kahawa ya arabika" katika Google, kisha huchagua miongoni mwa maduka machache ya mwanzo anayoonyeshwa. Duka lililo chini sana ni sawa na ghala lililofungwa.

Google, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, hutumia programu zinazopita zikisoma kurasa na kuziweka katika faharasa. Tangu mwanzo imehesabu viungo kutoka tovuti nyingine mithili ya kura, na kura ya tovuti yenye heshima huwa na uzito zaidi. (Kwetu sisi wanaushirika, kila mwanachama ana kura moja tu.)

Basi ukurasa wenye picha ya gunia na neno "Karibu" haufai kitu. Yaandikwe jina la bidhaa kama mnunuzi alitajavyo, daraja, uzito, bei na mahali itokako.

Katibu ajihadhari sana na mtu aahidiye nafasi ya kwanza kwa malipo. Google huuza matangazo, nayo hutambulishwa kuwa ni matangazo. Nafasi katika matokeo ya kawaida haiuzwi. Fedha za wanachama zisitolewe kwa ahadi hiyo. Huduma ya Search Console, isiyolipiwa, huonyesha maneno waliyoandika watu hata wakalifikia duka. Taarifa yake isomwe katika kikao cha Kamati pamoja na hesabu za mauzo.