Kabla ya Kupiga Sakafu ya Mbao, Tutazame Kwanza Chini Yake

Juma hili tunataka kuongea juu ya kitu tunachokikanyaga tangu asubuhi hadi usiku bila kukifikiri: sakafu ya nyumba. Mtoto anajifunza kutambaa juu yake, mgonjwa analazwa juu yake, na wageni wakiwa wengi ndipo tunapotandika mikeka. Tutawaeleza namna sisi wenyewe tulivyokosa, na namna tulivyotengeneza kosa letu, ili feza yenu isipotee kama yetu ilivyopotea.

Sisi wa Goma tunajua nyumba za mbao. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, moto wake ulipita katikati ya mji, na ulipopoa ukaacha jiwe jeusi. Jamaa nyingi zilijenga tena juu ya jiwe hilohilo, na nyingi zilijenga kwa mbao: nyumba ya mbao ni nyepesi, inamalizika upesi, na siku ya kuhama inaweza kung’olewa na kubebwa. Lakini jiwe la volkano halina usawa. Pavema ya simenti juu yake inakula mifuko mingi, kwa sababu lazima kwanza kujaza mashimo. Ndiyo maana wengi wanapendelea kuinua sakafu ya mbao juu ya mawe.

Na sababu ya kutaka sakafu ni kubwa. Vumbi la chini ni nyumba ya mafunza. Mayai yake yanaanguliwa katika udongo mkavu ndani ya nyumba, na miguu ya watoto wetu ndiyo inayolipa. Mtoto anayetambaa katika udongo anapeleka mkono wake mdomoni. Mama anayetafuta sakafu hatafuti kujionyesha.

Kosa letu

Mwenzetu mmoja, mama wa mapacha, alipopata zamu yake katika likelemba, alisema: “Sitaki nguo, sitaki viti. Nataka watoto wangu watoke katika vumbi.” Sote tulifurahi. Tulikwenda pamoja kwenye depo ya mbao siku ya posho, tukachagua mbao za mikalitusi kwa sababu bei ilikuwa nzuri. Zilikuwa zimeteremka kutoka kamyo asubuhi ile. Zilikuwa nzito, zenye harufu tamu, na tukizigusa zilikuwa baridi. Tulidhani ubichi huo ni uzuri.

Ubatizo wa mapacha ulikuwa karibu, basi tuliharakisha. Siku tatu, sakafu ikawa imekwisha. Tulipiga vigelegele, tukacheza juu yake.

Kiangazi kilipofika, mbao zilianza kukauka. Pengo likatokea kati ya ubao na ubao. Kwanza la unene wa kisu, halafu la unene wa kidole. Vijiko viliingia, sarafu ziliingia, panya wakatoka. Mbao nyingine zilijipinda na kung’oa misumari. Na chini, mahali tusipoona, ilikuwa vibaya zaidi: shevro zilizobeba mbao zililazwa moja kwa moja juu ya mawe yenye maji, bila njia ya hewa. Katika masika ya pili, mama alikuwa akipita na mtoto mmoja mgongoni, na beseni la maji mkononi. Shevro ilivunjika. Mguu wake uliingia hadi gotini. Mtoto aliumia mkono, lakini alipona, tunamshukuru Mungu.

Mama yule hakutulaumu. Sisi ndio tuliojilaumu, kwa sababu feza ilikuwa ya wote na haraka ilikuwa ya wote.

Tulimwita seremala mzee wa kartie yetu. Aliinama, akatazama ndani ya shimo, akatuuliza: “Wamama, mlinunua mbao za juu. Na za chini, mlimwachia nani?” Hatukuwa na jibu. Somo lote la ukurasa huu ni swali hilo.

Feza ya kwanza iende chini

Sakafu ina sehemu mbili. Kuna mbao unazoziona, na kuna shevro zilizofichwa zinazobeba. Sisi tulitafuta uzuri wa juu. Mzee alitufundisha kinyume: kama feza ni kidogo, mti mgumu uende chini, na mti wa kawaida uwe juu. Ubao wa juu ukiharibika, unaona na unaubadilisha kwa saa moja. Shevro ikioza, hujui mpaka siku unapoanguka.

Mti wa muvula ni mmoja wa miti inayodumu sana. Hauliwi ovyo na mchwa wala hauozi upesi. Bei yake ni kubwa, lakini kwa shevro peke yake hauhitaji mwingi. Mikalitusi inatoka karibu nasi, katika mashamba ya miti ya Masisi na Lubero. Ni migumu, inafaa kwa mbao za juu, lakini ikikauka vibaya inajipinda na kupasuka. Unaponunua, uliza mbao zimetoka wapi. Mti uliokatwa ndani ya mbuga ya Virunga ni mali ya wizi, hata kama bei yake ni tamu.

Ukavu ni kila kitu

Mti mbichi umejaa maji. Yakitoka, ubao haupungui sana kwa urefu, lakini unapungua kwa upana. Ubao mbichi wa sentimita 20 unaweza kupoteza sentimita moja nzima. Zikiwa mbao 15 chumbani, hesabu mwenyewe: ni mapengo ya sentimita 15 kwa jumla. Ndiyo maana tulipoteza vijiko vyetu.

Kwa hiyo nunua mapema, miezi kadhaa kabla ya kujenga. Zipange chini ya mabati, mbali na udongo, ukitia vipande vidogo vya mti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite. Weka mawe juu ya rundo ili zisijipinde. Paka rangi kidogo kwenye ncha za kila ubao. Ncha ndizo zinazokauka upesi na kupasuka.

Namna gani kujua kama zimekauka? Kuna mizani ya kutosha kati yetu sisi tunaouza maharagwe na unga. Kata kipande kidogo katikati ya ubao mmoja, siyo kwenye ncha, kipime, andika uzito, kirudishe katika rundo. Juma lijalo kipime tena. Kila mara uzito ukishuka, maji bado yanatoka. Uzito ukikaa palepale majuma matatu au manne, ubao uko tayari. Usimwamini muuzaji anayesema “imekauka, mama.” Iamini mizani.

Hesabu ya chumba kimoja

Tuchukue chumba cha metre 4 kwa metre 3. Mbao zina urefu wa metre 4 na upana wa sentimita 20. Zikilazwa kwa urefu wa chumba, upana wa metre 3 unahitaji mbao 15. Ongeza 2 kwa zile zitakazopasuka au kukatwa vibaya: mbao 17. Kama unaweza, mwambie seremala apasue kila ubao mara mbili kwa upana. Ubao mwembamba unafanya pengo dogo na haujipindi sana.

Shevro zinapita chini, kwa upana wa chumba, na kati ya moja na nyingine ni sentimita 40 ikiwa mbao za juu zina unene wa sentimita 2 na nusu. Hapo utahitaji shevro 11 za metre 3. Andika hesabu hii kabla ya kwenda depo. Mama aliye na karatasi mkononi hauziwi mbao asizohitaji.

Kazi yenyewe

Kwanza, safisha chini. Usiache vipande vya mti, maganda wala karatasi chini ya nyumba. Hiyo ni karamu ya mchwa.

Pili, panga mawe imara, karibu kila metre moja chini ya kila shevro, yote kwa usawa mmoja. Seremala apime usawa huo kwa kamba na maji, asikadirie kwa macho. Juu ya kila jiwe weka kipande cha bati la zamani, kipana kuliko jiwe, ili maji yasipande kutoka jiwe hadi mti. Bati hilo linamzuia pia mchwa kupanda kwa siri; akijenga njia yake kulizunguka, utaiona.

Tatu, acha nafasi ya hewa. Sisi tuliacha kama sentimita 30 kati ya chini na shevro. Toboa matundu katika kuta mbili zinazotazamana, hewa iingie huku itoke kule, na uyafunge kwa wavu wa chuma ili panya na nyoka wasiingie. Lakini wale mnaokaa mabondeni, upande wenye mazuku, msichimbe shimo chini ya nyumba. Gesi ile ni nzito kuliko hewa, inakusanyika mahali pa chini, hasa usiku upepo ukitulia. Sakafu ya mbao haiizuii. Mahali pa mazuku si pa kulaza watoto chini.

Nne, piga misumari miwili katika kila ubao, juu ya kila shevro. Kwa ubao wa sentimita 2 na nusu, msumari wa sentimita 7 unatosha. Mikalitusi mikavu ni migumu, basi toboa kwanza tundu dogo ili ubao usipasuke. Kichwa cha msumari kiingie ndani ya mti, kisibaki juu kuchoma miguu ya watoto. Kando ya ukuta acha nafasi ya sentimita moja: masika mbao zinavimba kidogo, na zikikosa nafasi zinajiinua.

Siku ya kupiga randa, peleka watoto kwa jirani. Vumbi la mbao, hasa la muvula, linawasha ngozi na kubana kifua.

Mafuta machafu na mbabula

Wengi wanapaka mbao mafuta machafu ya motokari. Tunawaomba: yasipakwe mahali mtoto anapotambaa. Mafuta hayo yana sumu inayoingia katika ngozi, na hayashindi hewa na ukavu kwa kulinda mti. Kwa juu, nta ya nyuki iliyoyeyushwa polepole na kusuguliwa kwa kitambaa inatosha.

Mbabula isiwekwe juu ya sakafu ya mbao, hata kidogo. Kaa moja likianguka katika pengo, moto unaanza chini mahali usipoweza kuufikia. Tena makala katika chumba kilichofungwa hutoa hewa inayoua watu usingizini. Mbabula ikae nje, au jikoni penye chini ya mawe.

Kwa usafi, fagia kila siku na upanguse kwa kitambaa kilichokamuliwa. Usimwage ndoo ya maji kama tunavyofanya kwa pavema. Na mara moja kila masika, mtu mmoja wa nyumba achukue tochi, alale kifudifudi karibu na tundu la hewa, atazame chini. Dakika tano tu.

Zamu iliyotolewa

Mtauliza: feza ya kutengeneza tena ilitoka wapi? Mama mmoja wa likelemba letu, ambaye zamu yake ilikuwa inafuata, alisimama katika mkutano na kusema: “Mpeni yule zamu yangu. Mimi nitangoja.” Na nyumba yake mwenyewe ilikuwa bado udongo mtupu. Hatukumwomba. Wengine tulitazama chini.

Leo mapacha wanatembea juu ya sakafu iliyonyooka. Tulizitumia tena mbao za zamani zilizokuwa nzima, kwa sababu sasa zilikuwa zimekauka kweli. Shevro peke yake ndizo mpya. Masika mawili yamepita na hakuna aliyeingiza mguu.

Sasa imefika zamu ya yule aliyengoja. Mbao zake ziko chini ya mabati tangu miezi mitano, na kila siku ya posho anapita sokoni na kipande chake mkononi, anakiweka juu ya mizani kati ya maharagwe na unga, anaandika. Juma lililopita uzito ulikuwa bado unashuka kidogo. Tulipomwuliza kama hachoki kungoja, alicheka: “Nimengoja zamu yenu, nitashindwa kungoja mti?”

Siku uzito utakapotulia, tutakwenda sote kubeba mawe. Kikundi kinachotaka kuona kazi kwa macho kilete salamu zake kwa mama mwandishi wetu, naye atawaambia siku.

Mubaki na amani katika nyumba zenu.