Nyandarua, kaunti ya watu waliofika

Ukimtembelea mzee wa Kinangop kwa mara ya kwanza, hatakawia kukuuliza asili yako. Mnatoka Murang'a? Nyeri? Kiambu? Ukimjibu kwamba ulizaliwa papa hapa Njabini, atatikisa kichwa na kuuliza tena, maana anachotaka kujua ni mahali babu yako alipopandia lori. Kwingineko nchini swali hilo huulizwa mgeni. Nyandarua huulizwa kila mtu, kwa kuwa karibu kila ukoo una mwaka uliofika.

Majina ya mahali yanasimulia habari hii kabla mtu hajafungua kinywa. Ol Kalou, Ol Joro Orok na Ol Bolossat, lile ziwa la pekee la asili katika eneo la kati la Kenya, ni majina ya Kimaasai. Ndunyu Njeru ni la Kikuyu, soko jeupe. Halafu kuna Engineer na Captain, vituo vya biashara vilivyobaki na vyeo vya enzi za masetla hadi leo. Hata milima ina majina mawili. Wakikuyu waliiona kama ngozi iliyowambwa ikauke juani, wakaiita Nyandarua. Joseph Thomson alipopita mwaka 1883 akaiandika Aberdare, kwa heshima ya bwana mmoja aliyekuwa rais wa Royal Geographical Society kule London.

Nyanda hizi za baridi zilikuwa malisho ya Wamaasai. Mkataba wa mwaka 1904 uliwatoa katika Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini. Wa pili, wa mwaka 1911, ukawatoa Laikipia pia. Walikwenda mahakamani mwaka 1913 na kesi yao ikatupwa, kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa makubaliano ya mataifa mawili na mahakama haikuwa na uwezo juu yake. Yaani Wamaasai walihesabiwa kuwa taifa kwa muda ule tu uliotosha kuwanyima ardhi. Wajumbe wao walilifufua dai hilo Lancaster House mwaka 1962, Kenya ikikaribia uhuru, wakarudi mikono mitupu. Yeyote anayeandika historia ya Nyandarua akaanzia mwaka 1963 ameruka ukurasa wa kwanza.

Masetla walijaa zaidi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, pale serikali ya kikoloni ilipogawa mashamba kwa askari wake. Walilima ngano na pareto, wakafuga kondoo na ng'ombe wa maziwa. Mwaka 1929 reli kutoka Gilgil ikafika Thomson's Falls, ndiyo Nyahururu ya sasa. Bonde la Wanjohi lilijipatia sifa mbaya duniani kwa jina la Happy Valley, kwa ulevi na ufuska wa matajiri wachache, na vitabu juu yao havijaisha kuandikwa. Nadhani wamepewa wino mwingi kupita kiasi. Katika mashamba hayo hayo waliishi maelfu ya vibarua Wakikuyu, maskwota, walioruhusiwa kulima kipande na kufuga mbuzi kadhaa kwa malipo ya siku zao za kazi. Wao ndio waliozijua kwanza tabia za udongo huu, wapi maji hutuama na wapi sakitu hushuka.

Vita vya Mau Mau vilipolipuka mwaka 1952, msitu ulio juu ya mashamba ukawa ngome ya Dedan Kimathi hadi alipokamatwa Oktoba 1956. Maskwota wengi walifukuzwa na kurudishwa kwa nguvu kwenye hifadhi za Wakikuyu, ambako hawakuwa hata na mahali pa kuchimba shimo la kuhifadhi ndizi. Waliotoka vizuizini baadaye walikuta hali ni hiyo hiyo. Njaa ya ardhi iliyoijaza Nyandarua ilitoka huko.

Mpango wa Ekari Milioni Moja ulianza mwaka 1962. Serikali ilikopa pesa Uingereza na Benki ya Dunia, ikanunua mashamba ya masetla, ikayapima vipande na kuyakabidhi kwa familia. Nyandarua ikawa wilaya mwaka 1963. Watu walishuka kwenye malori na masufuria, kuku na watoto, wakaonyeshwa vigingi vya mpimaji, wakaambiwa hapa ndipo. Hawakupewa bure. Kila shamba lilikuja na deni la miaka 30, na hati haikutoka kabla deni halijaisha. Wapo waliolipa mpaka wakazeeka, ardhi ambayo wengine wao walikuwa wameipigania msituni. Swali la nani anufaike na ardhi ya uhuru halikumwacha J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, hadi alipouawa Machi 1975.

Alama ya vigingi vile ingali inaonekana. Hapa hakuna vijiji vilivyosongamana kama vya Murang'a. Kila boma limesimama peke yake shambani, nyumba ya mbao na paa la mabati, ua wa saipresi, na barabara iliyonyooka kama uzi kwa sababu ilichorwa kwa rula ofisini.

Kwa miaka mingi pareto ndiyo iliyolipa karo. Malipo yalipoanza kuchelewa miezi, kisha miaka, watu waling'oa maua yale meupe wakapanda viazi. Leo kiazi ndicho bwana, na aina inayotawala ni shangi. Huiva kwa takriban miezi mitatu, huiva upesi jikoni pia, wenye vibanda vya chipsi wanakipenda. Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa: hakikawii kuchipua. Mkulima hawezi kukiweka ghalani akingoja bei ipande. Mvua zikiwa nzuri kila shamba huchimbua wiki zile zile, lori moja linaegesha nyuma ya jingine, na dalali anajua kwamba mwenye viazi hana pa kwenda.

Tazama gunia linavyojazwa. Vijana wawili wanamimina viazi hadi mdomoni, wanalitikisa vishuke, wanamimina tena. Kisha mmoja anachukua sindano ndefu na kamba ya nailoni, anafuma wavu juu ya mdomo, na ndani ya wavu ule viazi vinaendelea kupangwa kimoja kimoja mpaka gunia linaota kichwa cha mviringo, kama kilemba cha waumini wa Kikorino. Ndiyo maana linaitwa mukurino. Mkulima analipwa kwa gunia, si kwa kilo, kwa hiyo kile kichwa chote ni jasho lisilo na malipo. Kanuni za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Mukurino ungali unapakiwa.

Na kabla ya kufika kwenye gunia, kiazi lazima kipite usiku. Kinangop iko juu zaidi ya mita 2,400, na usiku wa kiangazi wenye nyota nyingi na kimya kingi ndio unaoogopwa. Alfajiri shamba huwa jeupe kana kwamba limenyunyiziwa chumvi. Jua likishatoka, majani hulegea na kuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Miezi miwili ya kazi huondoka kabla ya chai.

Sasa tuje kwenye hesabu ya watu, ambayo naona imesomwa kwa haraka mno. Sensa ya mwaka 1969 ilikuta wakazi wasiozidi 177,000. Kufikia mwaka 1999 walikuwa karibu 480,000, na mwaka 2009 walikuwa 596,268. Kisha sensa ya mwaka 2019 ikahesabu 638,289. Muongo mmoja watu zaidi ya 100,000, muongo uliofuata 42,000 tu. Ongezeko hilo ni asilimia 7, ilhali nchi nzima iliongezeka kwa zaidi ya asilimia 20. Wastani wa watu katika kila kaya ni 3.5, kwenye kaunti ambayo kizazi kilichoshuka kwenye malori kilizaa watoto wanane au kumi bila kushangaza jirani.

Sehemu ya sababu ni njema: uzazi umepungua, wasichana wamesoma. Sehemu nyingine iko kwenye ramani ya shamba. Chukua ekari 20 za mwaka 1964, wagawie wana watano, kila mmoja anapata nne. Hao nao wakiwagawia wanao, mjukuu anabaki na ekari moja au pungufu, na mara nyingi hati bado ina jina la babu aliyefariki zamani, kwa hiyo hawezi kukopea wala kuuza. Anayeondoka hajalikimbia jembe kwa uvivu. Amepiga hesabu.

Wengine wamekuwa wakiingia. Baada ya ghasia za uchaguzi wa mwaka 2007, familia zilizofurushwa kwingine zilipiga hema Mawingu, zikapigwa na baridi ile ile iliyowapokea watu wa mwaka 1963.

Ukiteremka kutoka Njabini kuelekea barabara kuu ya Nakuru, utapita Soko Mjinga. Alasiri pana harufu ya kabeji na dizeli, karoti zinaoshwa, mikurino inapakiwa kwenye malori ya Nairobi. Kando yake matatu za kwenda huko huko zinajaza, na abiria wengi ni vijana wenye begi moja. Watapanga chumba Ruiru au Githurai. Siku ya kwanza mwenye ploti atawauliza kwao ni wapi, nao watajibu Kinangop, bila kutaja lori lolote.