Brosheti za tofu kwa mchuzi wa karanga: nyama ya soja katika nyumba zetu

Kila mmoja wetu anajua hesabu ya asubuhi: pesa iliyopo mkononi, makala, unga wa bugali, maji, na kisha lile swali gumu: mboga itakuwa nini? Nyama imekuwa chakula cha sikukuu katika nyumba nyingi za Goma. Tangu benki za mji zilipofunga milango mwanzoni mwa mwaka 2025, hata mwenye kazi hajui atapata franka lini. Tunapika sombe, tunapika lenga-lenga, tunapika maharagi, na watoto wanakula. Lakini mtoto anayekua anahitaji chakula cha kujenga mwili kila siku, siyo siku ya Noeli tu.

Ndiyo maana juma hili tunazungumza juu ya tofu. Wengine wetu tunaiita nyama ya soja. Tumeipika mara nyingi katika vikundi vyetu, na njia inayopendwa zaidi na watoto, na hata na baba wanaosema soja ni chakula cha wagonjwa, ni brosheti zilizochomwa juu ya babula na kuliwa na mchuzi wa karanga.

Kwa nini soja?

Gramu 100 za soja kavu zina karibu gramu 36 za protini. Maharagi yetu mazuri ya Rutshuru na Masisi yana kama gramu 22 kwa kipimo hicho hicho. Protini ndiyo inayojenga misuli, damu na akili ya mtoto. Ikikosekana kwa muda mrefu, tunaona ule ugonjwa ambao Kivu nzima inaujua kwa jina la bwaki: miguu inavimba, nywele zinabadilika rangi na kuwa laini, mtoto anakosa furaha na hataki kula. Jambo hili liliwaumiza wazee wetu sana, hata huko Bukavu kukaundwa shirika lililojiita Comité Anti-Bwaki.

Tuseme wazi: mtoto ambaye tayari amevimba miguu hatibiwi kwa tofu ya nyumbani. Anapelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo. Tofu ni kwa ajili ya kuzuia, ili asifike huko.

Wale ambao bado wanaiogopa tofu wafikirie fromaji ya Masisi. Mfugaji anachukua maziwa ya ng'ombe, anayagandisha, anatoa maji, anakandamiza, na anapata fromaji. Tofu ni kazi ileile, ila maziwa yanatoka kwenye soja. Wachina waliigundua karne nyingi zilizopita. Nao mchuzi wa karanga juu ya brosheti ni desturi ya Indonesia. Sisi tulio na karanga katika sombe yetu tangu zamani hatuoni ugeni wowote.

Vitu vya kutayarisha

Kwa nyumba ya watu sita au saba:
– soja kavu kilo 1, iliyochaguliwa, bila mawe na bila punje zilizooza
– maji safi litre 8 ya kusagia na kuchujia, mbali na yale ya kuoshea
– maji ya limau kikombe 1 (malimau sita hadi nane, kulingana na ukubwa)
– vitunguu saumu, tangawizi, chumvi, mafuta kidogo
– kitambaa cheupe cha pamba kilichochemshwa, beseni mbili, sufuria kubwa
– vijiti vya mwanzi

Neno juu ya maji. Wengi wetu tunachota ziwani, Kituku na kwingineko. Kolera tunaijua. Tutumie maji yaliyotiwa klori au yaliyochemshwa, hata yale ya kuoshea kitambaa na tofu iliyokwisha kuiva.

Namna ya kutengeneza tofu

Jioni, osha soja na uiloweke katika maji mengi, maana itavimba zaidi ya mara mbili. Iache usiku mzima, saa nane hadi kumi na mbili. Asubuhi mwaga maji yale, sugua punje kwa mikono ili maganda yatoke, suuza tena.

Peleka kwenye mulini au twanga katika kinu, ukiongeza maji kidogo kidogo, mpaka iwe kama uji mzito usio na punje. Changanya na maji yaliyobaki, kisha mimina katika kitambaa na ukamue kwa nguvu zote. Hapa watoto wakubwa wanaweza kusaidia. Kinachotoka ni maziwa ya soja. Kinachobaki ndani ya kitambaa ni makapi. Usiyatupe, tutayarudia.

Weka maziwa motoni. Koroga chini ya sufuria bila kuchoka, kwa sababu yanashika haraka, na povu linapanda ghafla kuliko maziwa ya ng'ombe. Yakianza kuchemka, punguza makala na uyaache yachemke polepole dakika 15. Tusifupishe hatua hii. Soja mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini, na anayeinywa bila kuiva vizuri anaumwa tumbo na kuhara. Mtu akikuambia soja ilimdhuru mtoto wake, muulize kwanza ilichemka muda gani.

Ondoa sufuria motoni na ungoje dakika tano. Changanya kikombe cha maji ya limau na kikombe cha maji. Mimina kwa awamu tatu, ukikoroga polepole mara moja au mbili tu kila awamu. Mwenye kukoroga sana anavunja mabonge na kupata tofu ya unga-unga. Funika dakika 15. Ukifunua utaona mabonge meupe yakielea katika maji ya rangi ya manjano yanayopitisha mwanga. Kama maji bado ni meupe kama maziwa, ongeza limau kidogo na ungoje tena. Siki nayo inafanya kazi hiyo, lakini limau linaacha ladha nzuri zaidi.

Teka mabonge, yaweke katika kitambaa ndani ya kikapu au chombo chenye matundu, kunja kitambaa vizuri, na uweke uzito juu. Mawe hatuyakosi Goma, volkano ilitugawia ya kutosha! Lakini jiwe la volkano lina matundu na uchafu ndani yake, kwa hiyo weka sahani safi kwanza, au tumia sufuria iliyojaa maji kama uzito. Kwa mchuzi wa kawaida saa moja inatosha. Kwa brosheti, kandamiza saa mbili, la sivyo itapasuka kwenye kijiti.

Kilo moja ya soja inatoa karibu kilo moja na nusu ya tofu, wakati mwingine zaidi, kulingana na ulivyokamua.

Kuipa ladha

Tofu haina ladha yake yenyewe. Inachukua ladha ya kile unachoipa, na wanaosema haina utamu wamekula ile iliyokaangwa bila viungo. Kata vipande vya sentimeta tatu. Vichemshe dakika kumi katika maji yenye chumvi, uvitoe na uviache vikauke. Vinakuwa vigumu zaidi, na chumvi inaingia hadi ndani.

Twanga vitunguu saumu vitano na kipande cha tangawizi, changanya na vijiko viwili vya mafuta, kijiko cha nyanya ya kopo na pilipili kama mnapenda. Paka kila kipande, funika, acha saa moja. Wakati huo loweka vijiti vya mwanzi katika maji ili visiungue. Wauzaji wengine wa barabarani wanatumia nyaya za magurudumu ya kinga. Nyumbani tusizitumie, kwa maana hatujui zilipakwa nini kiwandani.

Mchuzi wa karanga

Anza na karanga zenyewe. Zimwage kwenye lungo na uchague moja moja kama unavyochagua mchele. Zenye ukungu, zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye uchungu, tupa. Ukungu wa karanga unatoa sumu inayoharibu ini, na sumu hiyo haiishi kwa kukaanga wala kwa kuchemsha. Ukinunua karanga zilizokwisha kusagwa, nunua kwa mama unayemwamini, maana zikisagwa huwezi tena kuona kilichokuwamo.

Kaanga karanga kwa moto mdogo mpaka zinukie, ondoa maganda, saga mpaka zitoe mafuta. Kwa kikombe kimoja cha karanga zilizosagwa tumia kitunguu kimoja, nyanya mbili, vitunguu saumu viwili na vikombe viwili vya maji ya vuguvugu.

Kaanga kitunguu katika mafuta kidogo, tia vitunguu saumu na nyanya, acha mpaka nyanya zikauke maji. Pembeni, lainisha karanga kwa maji ya vuguvugu kidogo kidogo. Ukizitupa moja kwa moja katika sufuria ya moto zinashikana mabonge. Mimina, tia chumvi, koroga kwa moto mdogo dakika 10 hadi 15. Mafuta yakianza kuonekana juu, mchuzi umeiva. Ondoa motoni, kisha kamulia nusu ya limau. Limau linakata uzito wa karanga, tena linausaidia mwili kuchukua chuma kilicho katika tofu. Chai inafanya kinyume chake, basi tungoje kidogo kabla ya kuinywa.

Kuchoma

Panga vipande vinne kwa kila kijiti, ukiweka kitunguu na pilipili tamu katikati. Kilo moja ya soja itakupa vijiti 12 hadi 14. Ngoja makala yawe mekundu bila ndimi za moto. Paka mafuta kwenye wavu, weka brosheti, na usiziguse dakika tatu au nne. Tofu inayogeuzwa mapema inashika kwenye chuma na kuvunjika. Geuza upande kwa upande mpaka rangi iwe ya kahawia. Kwenye babula hiyo hiyo choma na ndizi. Makala mengi tunayochoma mjini yanatoka kwenye miti ya Hifadhi ya Virunga, kwa hiyo moto mmoja upike vitu viwili au vitatu. Asiye na wavu akaange vipande kwenye kikaango, ladha si mbali.

Watoto wadogo

Mtoto chini ya miezi sita ananyonya tu. Kuanzia miezi sita, tofu iliyopondwa bila pilipili na bila chumvi nyingi inafaa sana pamoja na viazi au ndizi. Usimpe mtoto mdogo kijiti mkononi, wala karanga nzima, inaweza kumziba koo. Ukimwonjesha karanga mara ya kwanza, mpe kidogo na umwangalie. Akivimba midomo, akitoka vipele au akipumua kwa shida, kimbia kituo cha afya.

Tena, tofu haina vitamini B12. Hiyo tunaipata katika samaki, mayai, maziwa na nyama. Kwa hiyo tusiache sambaza zetu za ziwa Kivu. Siku moja tofu, siku nyingine sambaza: hapo mtoto yuko salama.

Makapi na mabaki

Makapi ya soja bado yana protini. Yakaangwe vizuri na kitunguu na nyanya, au yapikwe ndani ya uji mpaka yaive kabisa, kwa sababu yalitoka yakiwa mabichi. Tofu isiyopikwa inakaa siku tatu katika friji, ndani ya maji safi yanayobadilishwa kila siku. Bila friji, ipike siku hiyo hiyo. Ikinuka uchachu au ikiteleza mkononi, usiipe hata kuku.

Kwa vikundi

Katika vikundi vyetu vya AVEC kuna wanaouliza kama brosheti hizi zinaweza kuuzwa. Zinaweza, lakini fanyeni hesabu kabla ya kuwasha babula. Andikeni bei ya soja, limau, mulini, maji, makala, karanga, vijiti, na hata nauli ya moto ya kwenda sokoni. Gawanyeni kwa idadi ya vijiti: hiyo ndiyo bei mnayotumia. Kisha ongezeni malipo ya mikono yenu. Kikundi kinachosahau kazi ya mama aliyekamua na kuchoma kutwa nzima kinafikiri kina faida, kumbe kinakula nguvu za wanachama wake. Anzeni na kilo mbili siku ya soko, muone zinakwisha saa ngapi, ndipo muongeze.

Na kwa nyumba, ushauri wetu ni huu: mama watatu wa avenyu moja waungane. Mmoja anunue soja, wa pili alete makala, wa tatu limau na karanga. Sufuria moja kubwa, moto mmoja, kila mmoja anarudi kwake na tofu ya siku. Mkutano wetu ujao, kila kikundi kilete sahani moja ya kuonja. Tutaona nani mchuzi wake hauna mabonge.