JE, WAJUA? Vali ya gurudumu la skuta na madini ya Katanga
Shina la vali, yaani kijibomba kinachopitisha upepo kuingia gurudumuni, aghalabu hutengenezwa kwa aloi ya shaba na zinki, madini ambayo yote mawili huchimbwa katika mkoa wa Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: shaba ilianza kuyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911, na zinki hupatikana katika mgodi wa Kipushi, takriban kilomita 30 kutoka mjini humo. Muundo wa vali hiyo, unaotumika katika skuta, pikipiki na magari, ulipewa hataza nchini Marekani mwaka 1893 kwa jina la George Schrader, mwana wa August Schrader, mhamiaji kutoka Ujerumani.

Kwa kuwa mpira unaolifunika shina hukauka na kupasuka kwa jua na umri, upepo unapopungua vali hupakwa maji ya sabuni: mapovu yakitokea mdomoni, kiini, yaani sehemu ya ndani yenye springi, hukazwa au hubadilishwa; yakitokea kwenye kitako cha shina, tairi lisilo na tyubu hutolewa upepo wote na kubanduliwa ukingo wake kwenye rimu, ndipo shina zima libadilishwe. Kifuniko cha vali kisipuuzwe, kwani ndicho kinachozuia vumbi kuingia.